Dola 200 za Galápagos hazilindi kobe

Tangu tarehe 1 Agosti 2024, mtalii mtu mzima kutoka nchi nyingi za nje anayetua Galápagos, visiwa vya Ekuador katika Bahari ya Pasifiki vinavyosifika kwa kobe wakubwa, hulipa kiingilio cha dola 200 za Marekani. Kabla ya hapo alilipa dola 100, na kiwango hicho hakikuwa kimeguswa tangu 1998. Mwaka mmoja na ushei baadaye, katikati ya Septemba 2025, wakazi wa kijiji kilicho chini ya magofu ya Machu Picchu, mji wa kale wa Wainka nchini Peru, waliziba njia ya reli. Serikali ikatangaza kwamba imewaondoa watalii wapatao 1,400 huku wengine karibu 900 wakiwa wamekwama. Matukio hayo mawili yanahusu safari moja, maana mawakala wa utalii huyauza maeneo hayo kwa pamoja: siku kadhaa melini kuangalia wanyama wa visiwani, kisha ndege hadi miji ya Peru ya Lima na Cusco, kisha treni ya kifahari hadi kwenye mji huo wa Wainka. Na yote mawili yameeleweka vibaya. Kupanda kwa kiingilio kumepokelewa kama ushindi wa mazingira: bei juu, watu wachache, kobe salama. Kuzibwa kwa reli kumesomwa kama fujo za wanakijiji wasiojua thamani ya kinachowalisha. Hoja yangu ni kwamba bei haijawahi kulinda kobe wala ukuta wa mawe. Kinacholinda ni ukomo wa idadi usioweza kununuliwa, pamoja na mgawo wa mapato unaowafikia watu wanaoishi mlangoni. Vikiwepo hivyo viwili, bei inaweza kuwa yoyote. Visipokuwepo, bei kubwa huleta ugomvi, tena ugomvi mzito zaidi kwa kuwa kinachogombewa kimenenepa.

Nianze na visiwa vyenyewe, kwa sababu huko ukomo ulianza mapema kuliko karibu mahali popote duniani. Galápagos iko takriban kilomita 1,000 magharibi mwa pwani ya Ekuador. Asilimia 97 ya ardhi yake ni hifadhi ya taifa tangu 1959, na mwaka 1978 ilikuwa miongoni mwa maeneo ya kwanza kabisa kuandikwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Asilimia tatu iliyobaki ndiyo makazi na mashamba ya watu wasiofika elfu 30, wengi wao katika visiwa vya Santa Cruz, San Cristóbal na Isabela, na wachache mno Floreana. Anayelala katika meli ya kitalii huko anaishi chini ya sheria kali. Hakuna meli inayoruhusiwa kubeba zaidi ya abiria 100, na nyingi hubeba 16 au 20 tu. Ratiba haipangwi na nahodha wala na kampuni. Hupangwa na mamlaka ya hifadhi, na tangu 2012 meli haitakiwi kurudi eneo lile lile kabla ya siku 14 kupita. Ukishuka ufukweni una mwongozaji mwenye leseni, unafuata njia iliyowekewa alama, unakaa mita mbili mbali na mnyama hata kama mnyama mwenyewe hana habari na wewe. Simba wa bahari hulala katikati ya njia na msafara wa watu humzunguka yeye. Wanaosema utalii wa kifahari unaiharibu Galápagos wanapaswa kuanzia hapo, kwa sababu meli ndiyo sehemu ya utalii wa visiwa hivyo iliyodhibitiwa kuliko zote, na idadi ya vitanda vya melini imebanwa kwa miaka mingi.

Sasa tupige hesabu ya kiingilio kipya. Safari ya siku nane katika meli ya kifahari huanzia dola elfu sita hivi kwa mtu mmoja, na meli za daraja la juu hupita elfu kumi. Ongeza Cusco, Bonde Takatifu la Wainka, hoteli, treni na ndege za ndani, na mtu anaweza kufika dola elfu 15 bila kujitahidi. Kwa msafiri huyo nyongeza ya dola 100 haifiki asilimia moja ya gharama, na hataiona hata kwenye ankara kwa sababu wakala ataizamisha ndani ya bei ya jumla. Hakuna tajiri aliyeghairi safari kwa ajili yake. Anayeiona ni kijana wa begi mgongoni, au mwalimu aliyedunduliza mshahara, ambaye hapandi meli hizo hata kidogo. Huyo hufikia gesti ya familia Puerto Ayora, mji mkuu wa kisiwa cha Santa Cruz, hukodi boti ya siku moja kwa mwenyeji, na jioni hula samaki katika mtaa wa Charles Binford, ambao usiku hufungwa kwa magari ili meza za vibanda zitandazwe katikati ya barabara. Kila anachotumia kinaangukia mkononi mwa mkazi. Fedha za abiria wa meli, kwa upande wake, nyingi hazifiki kisiwani: hubaki kwa wakala wa Ulaya au Marekani, kwa mwenye meli aliye Quito au Guayaquil, miji ya bara, na chakula cha melini kwa sehemu kubwa huletwa kutoka bara. Kwa hiyo kiingilio kilichotangazwa kama chujio kinawachuja wale ambao mwenyeji anawahitaji zaidi.

Hapo wapo watakaonijibu, na jibu lao lina uzito. Watasema huyo kijana wa begi mgongoni ndiye tatizo lenyewe. Ni kweli kwamba ukuaji wa utalii wa Galápagos katika karne hii umetoka karibu wote kwa wageni wa nchi kavu, yaani wanaolala hotelini na gesti badala ya melini. Mwishoni mwa miaka ya 1970 visiwa vilipokea wageni wapatao elfu 12 kwa mwaka. Mwaka 2019 walikuwa zaidi ya laki mbili na elfu 70. Mwaka 2023 walipita laki tatu na elfu 29, rekodi ambayo haikuwahi kufikiwa. Wageni hao wanahitaji hoteli, hoteli zinahitaji wafanyakazi, wafanyakazi wanahitaji nyumba, na vyote hivyo vinahitaji shehena kutoka bara. Kila shehena inaweza kubeba mbegu, mdudu au panya. Viumbe wa kigeni waliorekodiwa visiwani wamezidi 1,500. Kuna nzi aliyeingizwa bila kukusudiwa ambaye mabuu wake hunyonya damu ya makinda ya wale ndege wadogo waliotajirisha sayansi ya Charles Darwin, aliyeeleza jinsi viumbe wanavyobadilika, na makinda hufia kiotani. Maji ya bomba Puerto Ayora yana chumvi na hayanyweki. Watu hununua ya kunywa kwenye madumu. Anayetazama mambo hayo na kusema wageni wapungue hasemi uongo, nami nakubaliana naye juu ya lengo.

Nisichokubaliana naye ni njia. Kama wageni wa nchi kavu wamezidi, dawa ni kuweka ukomo wa wageni wa nchi kavu, kama ulivyowekwa ukomo wa vitanda vya meli. Ukomo huo ungeanzia kwenye ndege, maana ndiyo karibu njia pekee ya mtalii kufika, na viwanja vinavyopokea ndege za abiria kutoka bara ni viwili tu, Baltra na San Cristóbal. Lakini kuhesabu viti vya ndege ni kugombana na mashirika ya ndege, na kuhesabu vyumba vya hoteli ni kugombana na wapiga kura wa Puerto Ayora. Kupandisha kiingilio ni kugombana na mgeni, ambaye hapigi kura. Ndiyo maana serikali nyingi hukimbilia bei kabla ya kugusa idadi. Wako wanaoonyesha kwamba idadi ya wageni ilishuka mwaka 2024 na kusema ada imefanya kazi. Hiyo ndiyo hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu. Ada ilianza Agosti. Januari ya mwaka huo watu wenye silaha walivamia kituo cha televisheni huko Guayaquil kikiwa hewani, na Rais Daniel Noboa akatangaza kwamba nchi iko katika vita vya ndani dhidi ya magenge. Guayaquil ndilo lango la Galápagos. Nani angeweka nafasi ya likizo huku akiona picha zile? Kukipa kiingilio sifa ya kazi iliyofanywa na hofu ni kujidanganya, na hofu ikiisha wageni watarudi na dola zao 200 mkononi.

Naomba nieleweke: siipingi ada. Hifadhi inahitaji fedha, na dola 100 za 1998 zilikuwa zimekwisha makali. Kazi iliyowarudisha kobe wa Galápagos ni ngumu na ya gharama. Katika kisiwa cha Española walikuwa wamebaki kobe 14 tu, majike 12 na madume wawili, waliotawanyika kiasi cha kutokutana. Walikusanywa, wakaongezewa dume wa tatu aliyetoka bustani ya wanyama ya San Diego, na baada ya nusu karne ya kutotolesha mayai na kulea vifaranga mpaka wawe wakubwa wa kujitegemea, karibu kobe elfu mbili wakawa wamerudishwa kisiwani. Mradi ulifungwa 2020 kwa kuwa ulikuwa umetimiza lengo. Kaskazini mwa Isabela na katika kisiwa cha Santiago, mbuzi zaidi ya laki moja na elfu 40 waliokuwa wakila mimea ya kobe waliondolewa, wengi kwa kupigwa risasi kutoka kwenye helikopta. Kazi za namna hiyo hazifanywi kwa maneno, na kama dola 100 za ziada zinaenda kwenye ukaguzi wa mizigo, ambapo mabegi hupekuliwa Quito na Guayaquil kabla ya ndege kuondoka, basi zilipwe. Ila tuseme ukweli kwamba huo ni mchango wa kuendeshea kazi. Kusema unalinda kwa kuzuia watu ni kuusifia kwa jambo usilolifanya.

Historia ya visiwa hivyo imekwisha kutoa fundisho juu ya nini hutokea mkazi anapoachwa nje. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanunuzi wa Asia walikuja na bei nono ya majongoo bahari. Watu wa pwani yetu wanawafahamu majongoo hao, na wanafahamu vilevile jinsi bei ya mnunuzi wa mbali inavyoweza kufagia bahari kwa misimu michache. Wavuvi walihamia Galápagos kwa wingi, serikali ikapiga marufuku uvuvi huo, na Januari 1995 wavuvi wakavamia kituo cha utafiti cha Charles Darwin huko Santa Cruz na kutishia maisha ya kobe. Dunia ilishtuka, na magazeti ya nje yakawachora wavuvi kama majambazi. Lakini kilichofuata kilikuwa cha busara kuliko shutuma hizo. Sheria Maalumu ya Galápagos ya 1998 iliunda hifadhi kubwa ya bahari na kupiga marufuku uvuvi wa viwandani ndani yake, ikawaachia uvuvi wavuvi wadogo wa visiwani, ikazuia watu wa bara kuhamia huko ovyo, na ikaelekeza mapato ya kiingilio yagawanywe kati ya hifadhi na taasisi za visiwani zikiwamo halmashauri. Wavuvi walipata kiti mezani. Migogoro haikuisha, maana iliibuka tena mara kadhaa, lakini kuanzia hapo mkazi alikuwa na cha kupoteza kobe akifa. Huo mgawo ndio uliofanya kazi ambayo bei haikuweza, na nashangaa jinsi unavyosahaulika kila tunapozungumzia dola 200.

Tuvuke sasa hadi Peru. Machu Picchu ilijengwa katika karne ya 15, katika zama za mtawala Pachacuti, mita zipatazo 2,430 juu ya usawa wa bahari, kwenye mgongo wa mlima ambao mto Urubamba unauzunguka chini. Mtafiti Hiram Bingham wa Marekani alifika 1911 akiongozwa na wenyeji, na maelfu ya vitu alivyochukua yalikaa Chuo Kikuu cha Yale karibu miaka mia moja kabla ya kurudishwa Cusco. Ubishi juu ya nani anafaidika na mahali pale, kwa hiyo, ni wa zamani kama umaarufu wake. Kinachofanya hali ya leo iwe ngumu ni jiografia. Kijiji kilichoko chini, Machu Picchu Pueblo, ambacho wengi wanakiita bado Aguas Calientes, hakina barabara ya gari inayokiunganisha na Cusco. Unafika kwa treni au kwa miguu ukifuata reli. Ukishafika, kupanda hadi langoni ni kwa basi katika barabara ya kona kali zinazopinda na kurudi, au kwa ngazi za mawe zinazokutoa jasho. Kwa maneno mengine, karibu kila mtalii hupita kwenye tundu mbili za sindano: reli na basi. Mwenye reli na mwenye basi ndiye mwenye Machu Picchu.

Treni ziko chini ya kampuni mbili, na kubwa kati yake, PeruRail, nusu yake inamilikiwa na Belmond, ambayo tangu 2019 ni mali ya LVMH, wauza bidhaa za kifahari wa Ufaransa. Belmond hiyo hiyo ndiyo inayoendesha hoteli pekee iliyo jirani na lango la magofu. Treni yake ya kifahari, iliyopewa jina la Bingham, hutoza mamia ya dola, na abiria huhudumiwa chakula cha mchana na muziki huku Urubamba ukipita dirishani. Mkazi wa bondeni hupanda behewa la wenyeji kwa nauli ndogo, katika ratiba yake tofauti, kwenye reli hiyo hiyo. Mabasi nayo yaliendeshwa na kampuni moja kwa mkataba wa miaka 30 uliokwisha Septemba 2025. Hapo ndipo ule mgomo ulipozaliwa: nani arithi barabara ya kona, na kwa utaratibu gani. Hakuna aliyetaka kubomoa magofu, wala aliyetaka wageni waondoke moja kwa moja. Watu walikuwa wanagombea tundu la sindano, kwa kuwa wanajua kila dola ya eneo lile hupita hapo.

Vivyo hivyo mgomo wa Januari 2024, ulioelezwa nje kama ghasia za kupinga maendeleo. Serikali ya Peru ilikuwa imekabidhi uuzaji wa tiketi kwa kampuni binafsi kupitia intaneti. Kijiji kikagoma, treni zikasimama, na baada ya siku kadhaa serikali ikakubali kuachana na mkataba ule. Ukitazama kwa karibu utaona nini kilikuwa kinagombewa. Sehemu ya tiketi, ambazo sasa ni elfu moja kwa siku, huuzwa ana kwa ana pale kijijini. Anayezitaka lazima afike, apange foleni, na mara nyingi alale ili aingie kesho yake. Kulala ni chumba, chumba ni chakula cha jioni, na chai ya asubuhi, na maji ya chupa ya kupandia mlima. Tiketi zote zikihamia mtandaoni, msafiri hutoka Cusco alfajiri, hupita kijijini kama anayepita uwanja wa ndege, na jioni yuko Cusco tena. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone; wale watu walikuwa wakidai mgeni akae angalau usiku mmoja ili mwenyeji apone. Kuwaita wasiojua thamani ya kinachowalisha ni kuwatukana watu waliofanya hesabu sahihi kuliko wizara.

Hilo halina maana kwamba kijiji kina haki kwa kila jambo, na hapa ndipo moyo wangu unakuwa mzito. Kwa muda mrefu wataalamu wa UNESCO walishauri wageni wasizidi 2,500 kwa siku. Ukomo rasmi sasa ni 4,500, na katika siku za msimu mkubwa hufika 5,600. Mawe ya Wainka yalikatwa na kushonanishwa kwa ustadi wa ajabu, lakini hayakuwekwa ili viatu elfu kumi vipite juu yake kila siku. Septemba 2023 baadhi ya sehemu, zikiwemo hekalu la Kondori na jiwe la Intihuatana, zilifungwa kwa muda kwa sababu ya kuchakaa. Na shinikizo la kuupandisha ukomo limetoka kotekote: kampuni za treni, wenye hoteli wa Cusco, wizara yenye njaa ya mapato baada ya korona, na kijiji chenyewe. Kila mmoja ana sababu, na jiwe halina msemaji. Ndiyo maana nasema mgawo peke yake hautoshi. Mgawo bila ukomo humfanya mkazi adai wageni zaidi. Ukomo bila mgawo humfanya achukie kinacholindwa. Galápagos ya meli ina ukomo mzuri na mgawo hafifu. Machu Picchu ina ukomo unaolegea kila uchumi unapoyumba, na mgawo ambao lazima ugombewe relini.

Vipi kuhusu fikra kwamba msafiri wa kifahari, kwa vile ni msomi na mstaarabu, ataharibu kidogo kuliko wengine? Mwaka 2000 jiwe la Intihuatana lenyewe, lile la kupigia mahesabu ya jua, lilivunjika kipande. Halikuvunjwa na mwanafunzi mwenye begi. Kreni ya watu waliokuwa wakipiga picha za tangazo la bia, waliokuwa na kibali cha kuwapo pale, iliangukia juu yake. Tena anasa ina uzito wake unaobebwa na mtu. Katika Njia ya Inka, ile ya siku nne kwa miguu, wanaruhusiwa watu 500 tu kwa siku, na zaidi ya nusu yao ni wapagazi na wapishi, wengi kutoka jamii za Waquechua, wenyeji wa milima ya Andes. Sheria ya Peru ya 2001 iliweka mzigo usiozidi kilo 20 kwa mpagazi baada ya miaka ya kuwabebesha watu mizigo ya punda. Kilo 20 hizo zinajulikana vizuri Marangu na Machame, maana ndicho kiwango cha Kilimanjaro, na mapambano ya kukisimamia ni yale yale. Nimekaa na wapagazi wa kwetu, na malalamiko yao hayabadiliki: bei ya safari inapopanda, kinachoongezeka kwanza ni meza, viti na choo cha kubebwa, mshahara hufuata baadaye kama utafuata. Safari ghali na safari yenye haki ni mambo mawili tofauti. Wakati mwingine hukutana, lakini mpaka mtu ayakutanishe kwa makusudi.

Mfano bora ninaoujua wa kuyakutanisha uko jirani zetu Rwanda. Mei 2017 kibali cha kuwaona sokwe wa milimani kilipandishwa kutoka dola 750 hadi 1,500, na wengi husema bei hiyo ndiyo inayowalinda sokwe. Hapana. Kundi la sokwe hutembelewa na watu wanane kwa siku, kwa saa moja, na ndivyo ilivyokuwa kabla ya bei kupanda. Kibali kingeuzwa dola 100, wageni wangebaki wanane. Kinachomlinda sokwe ni hao wanane na ile saa moja, pamoja na walinzi. Bei ilifanya jambo jingine: iliongeza mapato kutoka kwa idadi ile ile, na siku hiyo hiyo serikali ikapandisha mgao wa jamii zinazoizunguka hifadhi kutoka asilimia 5 hadi 10. Ukomo kwanza, mgawo pili, bei juu yake. Linganisha na Maasai Mara, ambako tangu 2024 mgeni asiye mkazi hulipa dola 200 kwa siku kuanzia Julai hadi Desemba, kiasi kile kile cha Galápagos, ila hapa ni kwa kila siku. Nenda kwenye kivuko cha nyumbu msimu wa uhamaji ukahesabu magari. Yamejipanga ukingoni bampa kwa bampa, injini zinanguruma, nyumbu wanasita kushuka majini kwa kukosa pa kupita. Kila aliyemo ndani ya magari hayo amelipa dola zake 200, na malipo hayo hayakuondoa hata gari moja, kwa sababu hakuna anayesimamia magari mangapi yanatosha.

Kwa hiyo habari za kufuatilia si bei mpya itakayotangazwa. Nchini Ekuador, nitatazama kama serikali itathubutu kugusa viti vya ndege na vyumba vya hoteli, na kama fedha za kiingilio kilichopandishwa zitaonekana katika maji ya kunywa ya Puerto Ayora na katika hospitali, ambayo leo bado inawalazimu wagonjwa wa maradhi makubwa kupanda ndege kwenda bara. Mkazi akipata maji safi kutokana na kobe, hutahitaji askari wa kumlinda kobe dhidi yake. Nchini Peru, nitatazama nani atapewa mabasi kwa muda mrefu na kwa masharti gani, na kama kijiji kitakuwa na hisa ndani yake au kitapewa tu nafasi za udereva. Lakini zaidi ya hayo nitatazama Chinchero. Huko, juu ya Bonde Takatifu, unajengwa uwanja mpya wa ndege wa kimataifa ambao, kwa mipango iliyotangazwa, utaweza kupokea mamilioni ya abiria kwa mwaka, na wanaakiolojia wengi wameupinga kwa sababu eneo lenyewe limejaa matuta ya kilimo na kuta za Wainka. Serikali inayosema inalinda Machu Picchu kwa tiketi na ratiba inajenga bomba kubwa la kuleta watu kwenye tundu lile lile la sindano. Siku uwanja huo utakapofunguliwa, wenye mashirika ya ndege, wenye hoteli na wenye treni watasimama pamoja kudai ukomo wa 5,600 uongezwe, na watakuwa na madeni ya kulipa. Ukomo huo leo umewekwa kwa uamuzi wa wizara, na wizara inaweza kuubadilisha kwa uamuzi mwingine. Bunge la Peru bado lina muda wa kuuweka ndani ya sheria, pamoja na asilimia itakayobaki kijijini, kabla ndege ya kwanza haijatua.